Kelele kwenye ekseli ya mbele ya pikapu ya zamani: tafuta chanzo kabla hujanunua spea

Maswali ni yaleyale. "Mbele kunanguruma, ni beringi?" "Nikikata kona kunalia tak-tak-tak, nibadili nini?" "Fundi kasema difu imekufa, ni kweli?" Kwa kusikiliza tu akiwa kando ya gari, hakuna anayeweza kukujibu kwa uhakika. Lakini wewe mwenyewe, ukiwa na jeki, msaidizi mmoja na kipande cha barabara ya vumbi, unaweza kufika karibu kabisa na jibu kwa nusu siku, bila kufungua nati yoyote ya ndani. Inauma kuona mtu kabadilisha beringi nne, katoka gereji, na kelele ileile ikamfuata hadi nyumbani.

Mwongozo huu ni wa pikapu za 4x4 zenye ekseli nzima ya chuma mbele: Toyota Hilux LN106, Land Cruiser HZJ75 na HZJ79, na gari nyingine za muundo huo, kama Nissan Patrol za zamani. Hilux za baadaye, kuanzia zile ambazo kila gurudumu la mbele linajitegemea, zina viungo tofauti. Vipimo vya tairi na beringi vitakusaidia, mengine hapana.

Kitu kimoja cha kuelewa kwanza

Katikati ya gurudumu la mbele kuna friwili, kile kidude cha kuzungusha kwa mkono chenye alama za FREE na LOCK. Ukiweka FREE, gurudumu linazunguka peke yake juu ya beringi zake. Shafti za ndani, difu ya mbele (boksi la gia kwenye ekseli) na propela ya mbele (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) vyote vimelala. Ukiweka LOCK huku gia ya transfa (boksi linalogawa nguvu kati ya ekseli ya nyuma na ya mbele) iko 2H, yaani nguvu inakwenda nyuma tu, gurudumu linavizungusha vyote hivyo, ila bila mzigo. Ukivuta 4H, sasa injini inavisukuma kwa nguvu.

Kwa hiyo tayari una swichi ya kuwasha na kuzima sehemu za ekseli moja baada ya nyingine. Karibu kazi yote iliyobaki ni kuitumia swichi hiyo kwa utaratibu.

Andaa hivi

- Jeki nzuri na stendi mbili imara
- Kabari nne za mbao au mawe makubwa ya kuzuia magurudumu ya nyuma
- Mtaimbo au bomba refu la chuma
- Spana ya magurudumu, na spana ya 24 kwa kifuniko cha oili ya difu
- Tochi, chaki, matambara
- Pampu ya grisi yenye grisi ndani
- Msaidizi anayeweza kukanyaga breki unapomwambia
- Daftari na kalamu. Usidharau hili.

Beringi, boksi (soketi) ya 54 ya nati za habu (kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani), sili na gasketi viache dukani kwanza.

Hatua

1. Ondoa vitu rahisi kwenye orodha. Kaza nati za magurudumu yote. Nati zilizolegea hugonga kama kiungo kilichokufa, na gurudumu linaweza kuchomoka. Kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, mbele kwenda nyuma na nyuma kwenda mbele. Ukisikia meno, au mabonde yanayopishana, tairi hiyo inaweza kunguruma sawasawa na beringi mbovu. Tairi za matope zikizeeka ndio tabia yao. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, halafu endesha. Kelele ikihamia nyuma, umemaliza kazi. Njia nyingine: toka kwenye lami uingie kwenye vumbi kwa mwendo uleule. Ngurumo ya tairi hubadilika mara moja, ya beringi haijali umekanyaga nini.

Angalia pia kati ya diski ya breki na lile bati la nyuma yake. Kijiwe kikinasa hapo hupiga yowe la kutisha, na kinatoka kwa bisibisi.

2. Hakikisha friwili zinafanya kazi kweli. Watu wengi huruka hatua hii, kisha majibu yote yanayofuata yanakuwa ya uongo. Weka kabari magurudumu ya nyuma, transfa 2H, gari kwenye gia, hendibreki juu. Nyanyua gurudumu moja la mbele, weka stendi chini ya ekseli. Friwili ya upande ulio chini iache LOCK muda wote. Ya upande ulio juu ikiwa FREE, zungusha gurudumu kwa mkono: propela ya mbele isisogee. Geuza LOCK, zungusha tena: propela izunguke. Upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, mzunguko mmoja wa gurudumu utakupa takribani miwili ya propela. Rudia upande wa pili.

Propela ikizunguka wakati umeweka FREE, friwili imeng'ang'ania ndani. Isipozunguka kwenye LOCK, haikamati. Ikikamata nusu-nusu hutoa sauti ya meno yanayorukana, krrr-krrr, hasa unapokanyaga gesi ukiwa 4H, na wengi huambiwa ni difu. Geuza friwili kwa vidole tu. Ikiwa ngumu, sogeza gari mbele kidogo ujaribu tena. Plaisi huvunja kitasa chake.

Kuna gari ambazo mwenye nazo wa zamani alitoa friwili akafunga sahani za moja kwa moja. Hapo swichi yako haipo. Fungua propela ya mbele pande zote mbili, itoe, kisha endesha. Kelele ikipotea, chanzo ni propela au beringi ya transfa upande wa mbele. Ikibaki, endelea kuanzia hatua ya 7.

3. Endesha FREE, 2H. Barabara tulivu, madirisha wazi, redio imezimwa. Panda taratibu hadi 60 kwa saa, kisha acha gesi gari litiririke. Andika: kelele ipo au haipo, inaanza mwendo gani, inabadilika ukikanyaga breki kidogo?

Ukiwa kwenye mwendo thabiti, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia, pasipo na gari lingine. Ukikata kushoto, uzito unaegemea gurudumu la kulia. Ngurumo ikipanda hapo, shuku beringi ya kulia. Ikipanda unapokata kulia, shuku ya kushoto.

Ukirudi, simama bila kufunga breki kwa nguvu, ushike habu zote mbili za mbele, polepole, mkono ukitangulia kwa umbali. Habu moja ikiwa moto sana kuliko mwenzake, beringi imekazwa kupita kiasi, au haina grisi, au breki haiachii. Kupambanua ni rahisi: gurudumu likiwa hewani, breki inayong'ang'ania hufanya gurudumu ligome hata kwa mkono.

4. Endesha LOCK, 2H. Barabara ileile, mwendo uleule. Magurudumu yanaburuza shafti, difu na propela bila mzigo. Kelele iliyokuwa haipo hatua ya 3 na sasa ipo, inatoka humo. Iliyokuwepo na haijabadilika ni ya gurudumu, breki, usukani au springi, na difu yako usiiguse.

Sikiliza kasi ya mapigo. Tairi ya 7.50R16 ina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo kila mzunguko unakula kama mita 2.5. Ukiwa kilomita 20 kwa saa, gurudumu linazunguka mara mbili na kidogo kwa sekunde. Propela, kwa difu ya 4.1 kama ilivyo kwenye Land Cruiser nyingi za HZJ, inazunguka mara tisa hivi. Mapigo unayoweza kuyahesabu kwa mdomo, ko, ko, ko, ni ya kitu kinachozunguka na gurudumu. Mapigo ya haraka yanayokaribia mtetemo ni ya propela, krosi (viungo vya ncha za propela) au pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela). Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na nakiamini kuliko masikio ya mtu yeyote.

5. Endesha 4H, moja kwa moja, kwenye vumbi. Kwenye vumbi, mchanga au changarawe pekee. Kwenye lami kavu gari hizi hazina kitu cha kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo chuma kinajikaza, usukani unakuwa mzito, tairi zinalia, na wewe unadhani umegundua ugonjwa mpya kumbe umeusababisha.

Kanyaga gesi, achia, kanyaga, achia. Vumo linalotokea ukikanyaga na kufa ukiachia, au kinyume chake, linaelekeza kwenye krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni au beringi za pinioni. Mgongano mmoja mzito, gudu, kila unapobadilisha gesi, unaelekeza kwenye krosi zilizolegea, sehemu ya propela inayoteleza, au uwazi mkubwa ndani ya difu.

6. Zungusha duara, 4H, usukani umekatwa hadi mwisho. Bado kwenye vumbi, mwendo wa mtu anayetembea, kwanza kushoto, kisha kulia. Tak-tak-tak inayofuata mzunguko wa gurudumu na kukaza ukiongeza gesi ni sivi jointi, ile iliyojificha ndani ya tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Mara nyingi hulia zaidi upande mmoja. Usikanyage gesi kwa hasira hapa: jointi iliyochoka huvunjika katika hali hii hasa, usukani umekatwa na mzigo mkubwa. Ukishasikia, inatosha. Rudisha usukani, toka 4H.

7. Nyanyua mbele, tikisa magurudumu. Ekseli juu ya stendi pande zote mbili, kabari nyuma, injini imezimwa, friwili FREE. Shika tairi juu na chini, mahali pa saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa ya ukutani, vuta na sukuma. Ukisikia mchezo (kulegea), mwambie msaidizi akanyage breki na kuishikilia, kisha tikisa tena.

Mchezo ukipotea breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi za habu. Breki inaunganisha diski na nako, kile chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka na usukani, kwa hiyo beringi haina pa kucheza. Mchezo ukibaki, ni beringi za kingpini, zilizo juu na chini ya tufe. Kingpini zilizochoka ndizo pia huleta ile tetemeko ya usukani baada ya kupita shimo, gari linapoyumba kichwa hadi upunguze mwendo.

Sasa shika mahali pa saa 9 na saa 3. Mchezo hapa ambao haukuwepo juu na chini ni wa tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) na ncha za usukani. Msaidizi aangalie kila ncha kwa tochi, na kidole kikigusa kiungo, maana mchezo mdogo husikika kwa kidole kabla ya kuonekana kwa jicho.

8. Zungusha kwa mkono, mkono mwingine juu ya springi. Kelele ndogo ya beringi haisikiki kirahisi, lakini chuma cha springi hukipelekea kiganja kila mkwaruzo. Zungusha gurudumu polepole, FREE. Beringi nzima huteleza kimya, mbovu huhisi kama kuna mchanga ndani. Geuza LOCK uzungushe tena: kama mkwaruzo umeongezeka, uko ndani ya tufe, kwenye bushi ya shaba ambamo shafti hupita, au kwenye difu.

9. Kagua propela. Gari likiwa limesimama na limezimwa, shika propela karibu na kila krosi, ipindishe huku na huko kwa nguvu. Krosi nzima haina mchezo hata kidogo. Tazama unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake: huo ni ushahidi kwamba grisi iliisha zamani. Piga grisi hadi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa, krosi hiyo badili. Piga pia kwenye sehemu inayoteleza.

10. Fungua oili, angalia tufe. Fungua kifuniko cha kujazia difu, ingiza kidole. Oili iwe usawa wa tundu. Ikiwa chini sana, vumo lako huenda limeanzia hapo. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Hili ni la kawaida kwa gari zinazovuka mito: ekseli yenye joto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea, na kama brida, ile pua ndogo ya kupumulia juu ya ekseli, imeziba kwa matope, ekseli inavuta maji kupitia sili. Safisha brida kabla ya kumwaga oili mpya, la sivyo utarudi palepale.

Kisha futa tufe kwa kidole. Utando mwembamba wa grisi ni sawa. Mchuzi mweusi unaochuruzika na kunuka oili ya difu maana yake sili ya ndani imekufa: oili inatoka kwenye difu, inaingia kwenye tufe, inaosha grisi ya sivi jointi. Una matatizo mawili kwa chanzo kimoja, difu inakauka na jointi inaungua. Hapa jibu ni sili. Ukibadilisha jointi peke yake, mpya nayo itaungua.

Makosa yanayorudiwa mno

Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Usifanye, hata kwa dakika moja, hata kama fundi wa mtaani hufanya kila siku.

Kuwasha injini na kutia gia huku gurudumu moja la mbele liko juu na friwili LOCK, ili "tusikie vizuri." Kwenye 4H magurudumu yaliyo chini yanaweza kulishusha gari kutoka kwenye stendi. Vipimo vyote vya hewani hapa hufanywa kwa mkono.

Kukaza nati ya habu kwa hisia. Anayeogopa mchezo hukaza mno, na beringi mpya inaungua mapema. Kwenye gari hizi hupimwa kwa mizani ya kuvuta ya springi: pedi za breki zikiwa zimetolewa, unafunga mizani kwenye bolti moja ya gurudumu, na habu ianze kuzunguka ukivuta kilo 3 hadi 5 hivi. Kisha nati ya pili inakazwa juu, na washa ya kati inapindwa kuifunga. Pima tena baada ya kufunga, maana nati ya pili huibana ya kwanza.

Kutia grisi yoyote ndani ya tufe. Sivi jointi inataka grisi yenye molibdeni, ile nyeusi ya kijivu. Grisi ya kawaida ya lithiamu ni ya beringi za habu.

Kubadilisha beringi na kuacha vikombe vyake vya zamani ndani ya habu kwa sababu kuvitoa ni kazi. Beringi na kikombe hufanya kazi kama jozi, na kikombe chenye mabaka kitaila mpya.

Ukikwama

*Kelele ipo hatua zote, haibadiliki na friwili, wala gurudumu halina mchezo.* Rudi kwenye tairi. Kisha angalia springi: bushi zilizokufa, yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea, na sentabolti (bolti ya katikati ya springi) iliyokatika. Weka mtaimbo kati ya springi na shekeli (kishikio cha mwisho wa springi), upandishe na kushusha. Kwenye HZJ79, ambayo mbele ina springi za mviringo, kagua bushi za mikono inayoshika ekseli na za ile fimbo ya kuvuka upande hadi upande. Mgongano mmoja unapofunga breki au kuanza kuondoka mara nyingi unatoka hapa.

*Kelele ipo LOCK, lakini kila kitu cha ekseli kinaonekana kizima.* Toa propela ya mbele, endesha tena LOCK, 2H. Ikipotea, kama propela na krosi ni nzima, shuku beringi ya transfa upande wa mbele.

*Kwi-kwi ya panya ukiwa LOCK, inanyamaza ukiwa FREE.* Bushi ya shaba ndani ya spindo (bomba ambalo habu huzungukia) imekauka. Ukipuuza, inakula shafti.

*Kelele inakuja na kuondoka bila mpangilio.* Mara nyingi ni ringi ndogo ya kufungia mwisho wa shafti, chini ya kifuniko cha friwili, imetoka au haikurudishwa. Shafti inacheza ndani na nje. Ni kitu kidogo, cha bei ndogo, lakini kinaharibu friwili.

*Ngurumo imeongezeka ghafla, habu inaunguza mkono, au gurudumu limeanza kuinama.* Usiendeshe. Habu ya namna hiyo inaweza kung'ang'ania au kuachia gurudumu. Ita gari la kuvuta linyanyue mbele, au fundi aje ulipo.

Ukienda gereji, peleka daftari. Fundi akisoma "FREE kimya, LOCK 2H vumo kuanzia 40, 4H linapanda nikikanyaga gesi, hakuna mchezo saa 12 na 6, oili chini ya tundu, upande wa kulia tufe linachuruzika," atajua aanzie sili ya kulia na beringi za pinioni. Mwombe akuwekee pembeni kila kipande anachokitoa, ukione mwenyewe kabla hakijatupwa.